Visigino vya Wapagazi

Itetemia, Tabora

Mwanangu Nyamizi,

Maagizo ya safari amekwisha kukupa Mama yako. Nimemsikia kupitia dirishani: chandarua, blanketi, namna ya kumsalimu mwenye nyumba utakayepanga kwake, mahali pa kuficha simu utakaposinzia ndani ya treni. Mimi nina agizo moja tu, nalo nimeliweka mwisho wa barua. Ukilisoma kabla ya mengine hutalielewa, na huenda ukacheka.

Hivi sasa jua linakaribia kuzama nanyi mnabishana jikoni.

"Mama, matobolwa debe zima ya nini? Kwani Kigoma hakuna viazi vya kukausha?"

"Viazi vipo. Vya kwangu ndivyo havipo."

"Watanidhania nimekuja kufungua genge."

"Fungua. Utapata marafiki upesi."

Mnacheka, wewe na yeye. Mimi nimekaa chumbani, mlango nimeurudishia, na karatasi ya kwanza nimeichana. Unanijua kama mtu asiyeogopa. Wanafunzi wangu walikuwa wakinyamaza waliposikia viatu vyangu barazani, na ninyi wanangu hali kadhalika. Lakini ninaogopa, Nyamizi. Nimeliandika neno hilo waziwazi kwa kuwa nimelikwepa kwa miaka saba, na katika miaka hiyo tumemzika kaka yako.

Alasiri ya leo nilikushika visigino.

Desturi hiyo unaijua tangu hujaanza shule. Mtu wa nyumba yetu akitaka kusafiri, mkubwa wa nyumba humkalisha kwenye kigoda, humwosha miguu, humpaka samli nyuma ya visigino na kusema, "Mzigo uwe mwepesi, njia iwe fupi." Msafiri hujibu, "Nitatua salama." Shangazi yangu alinifanyia hivyo nilipokwenda chuo cha ualimu. Nami nilimfanyia Maganga, kaka yako, kila alipokwenda Dar es Salaam kununua vipuri vya baiskeli.

Na hadithi yake unaijua pia, maana nimeisimulia mimi mwenyewe mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa, miezi kwa miezi, kwa miguu. Tuliambiwa kwamba kwa sababu ya mizigo ile kano ya nyuma ya mguu wake, ule mshipa mgumu unaoshuka kutoka shavu la mguu hadi kisigino, ilikuwa nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, na kwamba unene huo aliurithisha ili tusisahau tulikotoka. Kila kijana wa ukoo alipobalehe, wazee walimshika kano. Aliyekuwa nayo nene alisifiwa mbele ya watu. Aliyekuwa nayo nyembamba alitaniwa kwamba ni mtoto wa mwenye punda.

Leo ulicheka nilipokuwa ninakupaka samli. "Baba, unanitekenya," ulisema. Kisha ukauliza, "Vipi, nimo au simo? Au mimi ndiye mtoto wa mwenye punda?"

Wakati huo vidole vyangu vilikuwa vimesimama kwenye mguu wako wa kushoto. Juu kidogo ya kisigino palikuwa na uvimbe mgumu, mdogo kama punje ya karanga, ulioshikamana na kano, usioteleza. Nikasema, "Umo."

Ukafurahi. Ukaenda kumwambia Mama yako.

Neno hilo moja ndilo lililonileta mezani. Nimekuwa mtu wa kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu maisha yangu yote, na leo, nikiwa nimekushika mguu, nilikusifia kitu ambacho huenda ndicho kilichomuua kaka yako.

Acha nianzie mbali kidogo. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, hodari wa jembe. Asubuhi moja alikwenda shambani, akasema kifua kinambana, akakaa kwenye tuta na hakuinuka tena. Siku iliyotangulia, jirani yetu, Mama Kalunde, alikuwa ametuletea karanga za kuchemsha. Haikuchukua siku mbili kabla watu hawajaziunganisha karanga hizo na kifo kile. Vijana walikwenda kwake wakapiga kelele, wakarusha mawe kwenye paa la nyumba yake. Mimi nilirusha moja. Sikumpiga, liligonga chungu mlangoni, likakivunja. Mama Kalunde alihamia upande wa Ulyankulu, na sikumwona tena. Sijawahi kumsimulia mtu habari ya chungu kile. Ninakuandikia wewe ili ujue kwamba kutojua chanzo cha kifo hakumwachi mtu akiwa hana hatia. Humfanya atafute mkosaji.

Sasa nije kwenye miaka saba iliyopita. Mnakumbuka kwamba nilisafiri kwenda Mwanza, nikasema ninakwenda kwenye mazishi ya mwalimu mwenzangu. Hapakuwa na mazishi. Nilikuwa nikishindwa kupanda mlima mdogo wa kanisani bila kusimama nikijifanya ninatazama mashamba ya watu. Nilikwenda hospitali ya mbali ili nisionwe na mtu anayenifahamu.

Daktari alikuwa binti wa umri kama wa Maganga. Alinipa shikamoo, akanisikiliza kifua, akapima alivyopima, kisha akasema, "Baba, naomba uvue viatu."

"Ninaumwa kifua, si miguu."

"Nimekusikia, baba. Vua viatu."

Nilivua. Akanishika kano zote mbili, akaminya kwa kidole gumba. "Vivimbe hivi umekuwa navyo tangu lini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza habari zote: pembe, vitambaa, safari za miezi, kamba ya ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, nami nikadhani amevutiwa.

"Baba," alisema, "haya ni mafuta."

Kisha akanifafanulia, na kwa kuwa nilikuwa nimempa wapagazi, aliwatumia wapagazi hao hao. Mafuta hayachangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huyafungasha mafuta yale yaitwayo lehemu, ambayo hospitalini huita kolesteroli, ndani ya chembe ndogo mno, na chembe hizo huyabeba kwenye damu kama wapagazi. Zipo za aina mbalimbali, lakini aliyekuwa akimzungumzia ni mpagazi mmoja mbaya. Huyo, safari yake ikiisha, hupaswa kupokelewa kwenye ini. Ini lina milango ya kumwingiza ndani na kumtua mzigo.

"Kwenu," alisema, "nusu ya milango haifanyi kazi. Mlizaliwa hivyo. Mpagazi anafika, anakuta pamefungwa, anarudi njiani na mzigo wake. Kesho wanakuja wengine. Njia inajaa."

"Na wakijaa wanafanya nini?"

"Wanajipenyeza kwenye kuta za mishipa, wanatua humo humo. Wengine wanatua kwenye visigino, na huko hawaui mtu. Wanaoua ni wale wanaotua kwenye mishipa midogo inayoulisha moyo."

Wewe umesomea mabomba ya maji, na ndiyo kazi inayokupeleka Kigoma, kwa hiyo ninajua utafikiri bomba lililoziba kwa uchafu. Nami nilimwambia hivyo, akanikatalia. Mafuta hayagandi juu juu kama masizi ndani ya chungu. Huingia ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, ukuta ukavimba polepole kama jipu lisilouma, mwaka hadi mwaka, na mtu huku analima na kucheza ngoma. Siku moja jipu hupasuka. Damu huganda hapo kwa dakika chache, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hukosa damu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzima wakati wa chai na akawa marehemu kabla ya chakula cha mchana. Alisema jambo la kuangalia ni wingi wa wapagazi hao na miaka waliyokaa njiani. Sisi hukaa nao tangu tumboni mwa mama zetu.

Nilimwuliza kama ni samli. Alisema samli na nyama ya mafuta huongeza, na ni vizuri kuzipunguza, lakini mtu wa damu yetu angekula mlenda peke yake na bado njia ingejaa. Wembamba haumwokoi. Jembe halimwokoi. Dawa ipo, kidonge kimoja kila siku, ambacho hulifanya ini lifungue milango zaidi.

Mwisho aliuliza, "Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Walete wote wawili. Kila mmoja ni kama sarafu iliyorushwa juu: huenda anacho, huenda hana. Usisubiri waumwe, baba. Anayesubiri maumivu huwa amechelewa."

Nilisema, "Nitawaleta."

Nyamizi, nilirudi nyumbani na vidonge ndani ya bahasha. Nilimwambia Mama yako kwamba ni dawa ya magoti. Kila jioni nilimeza kimoja mbele yenu, na Maganga akija alikuwa akinitania: "Mzee, magoti hayo sasa yatacheza mpira." Wewe ulikuwa ukiniletea maji ya kumezea. Nilikuwa nikiyapokea na kusema asante.

Umeniuliza mara nyingi, tangu utotoni, kwa nini sikubali kosa hata pale ninapoliona. Sikuwahi kukujibu. Sababu ni ndogo kuliko unavyodhani. Miezi mitatu kabla ya safari ile ya Mwanza nilikuwa nimesimama kwenye harusi ya Maganga, mbele ya wakwe na wageni, nikamvua kiatu bwana harusi na kuwaonyesha watu kano yake. Nilisema, "Huyu ni mpagazi." Watu walipiga vigelegele. Ningerudije na kuwaambia kwamba kile nilichokisifia ni ugonjwa? Wakwe wangesema tumewaficha. Nawe ulikuwa bado msichana. Nilihofia kwamba watu wangeanza kunong'ona kuwa nyumba ile ina maradhi ya damu. Nikajiambia kwamba nitasema baada ya mavuno. Kisha baada ya mitihani yako. Nilikuwa na tarehe nyingi.

Miaka miwili iliyopita, Maganga alikuja hapa kwa baiskeli kutoka dukani kwake Gongoni. Alikaa barazani, akajishika kifuani kwa kiganja. "Baba," alisema, "uzee umeanza na mimi kabla yako. Nikipanda kilima kile kifua kinabana, nikisimama kinaachia."

Bahasha ya vidonge ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliigusa. Mwanangu, niliigusa kwa vidole vyangu, na nikasema, "Punguza mwendo. Wewe huendesha baiskeli kama mwizi."

Alicheka. Akala ugali, akaondoka.

Siku tisa baadaye alikuwa akishusha katoni la minyororo ya baiskeli dukani. Aliliweka chini, akakaa juu yake, akamwambia mteja asubiri kidogo. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Yaliyofuata unayajua, isipokuwa jambo moja. Siku ya pili ya msiba nilikuwa nimekaa na wazee, na mmoja wao akauliza mke wa Maganga alikuwa amempikia nini mumewe asubuhi ile. Mwingine akasema mwanamke yule alikuwa amekuja na mambo ya kwao. Wote walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma. Nikatazama chini. Mkwe wangu alirudi kwao Nzega kabla ya arobaini, na hakuna mtu aliyemsindikiza kituoni. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilirusha jiwe. Nikiwa na sitini na sita sikurusha kitu. Nilinyamaza tu, na mwanamke mwingine akahama.

Maganga na mkewe hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nilihuzunika kwa hilo zamani. Sasa ninashukuru, na ninaona aibu kushukuru.

Utauliza kwa nini hata baada ya mazishi yale sikukwambia. Nami nimejiuliza. Jibu la kweli ni kwamba kila nilipokuona unapita na ndoo ya maji kichwani, ukiimba, niliona kwamba u mzima, na nikataka kuendelea kuona hivyo siku moja zaidi. Hofu yangu ilikuwa na sura ya upole. Nilikuwa nikisikiliza pumzi zako ulipopanda ngazi. Nilikuwa nikitazama miguu yako ulipoosha vyombo, kisha ninageuka upande mwingine kabla sijaona vizuri. Mara mbili nilikuzuia usibebe gunia, ukanikasirikia, ukasema ninakufanya kama mgonjwa. Kwa miaka miwili sikukushika visigino, hata ulipokwenda Dodoma kwenye usaili wa kazi. Nilisema mgongo unaniuma, Mama yako akakushika badala yangu. Leo nilikosa kisingizio.

Sasa sikiliza, kwa kuwa nimekutisha na si haki kukuacha hapo. Siwezi kuapa kwamba unao ugonjwa huu. Vidole vyangu vimezeeka. Huenda ni kovu la kiatu cha shule, huenda sarafu yako iliangukia upande mwema. Damu ndiyo itakayosema. Na kama itasema ndiyo, hiyo si hukumu ya kifo. Mimi nina miaka sitini na minane, ninalima bustani yangu na ninaugombeza ulimwengu, kwa sababu ya kidonge kilichostahili kumezwa na watu wawili au watatu katika nyumba hii. Wewe una miaka ishirini na mitano. Wapagazi wako, kama wapo, bado hawajakaa njiani muda mrefu. Siku utakapotaka kupata mtoto, mwambie daktari mapema, maana dawa hizi mara nyingi husimamishwa kwa muda. Na mtoto huyo atakapokua, apimwe. Usimsimulie habari za kamba ya ng'ombe kabla hajapimwa.

Sikuombi unisamehe katika barua. Msamaha wa kuombwa kwa maandishi humrahisishia mwombaji, nami nimejirahisishia vya kutosha. Ninataka tu usirithi kwangu kitu kimoja, nacho si kano. Ni ile tabia ya kusubiri mpaka jambo liwe rahisi kusemwa. Halikuwa rahisi katika miaka saba. Leo ni gumu kuliko siku ile ya kwanza, na kama ningengoja mpaka utakapokuja likizo lingekuwa gumu zaidi, au lingekuwa halina wa kuambiwa.

Nilifikiri nikupe barua hii stesheni, uisome treni ikiwa imekwisha kupita Urambo. Niliipenda fikra hiyo. Kisha nikaona kwamba ningekuwa nimekimbia tena, safari hii kwa kutumia treni. Kwa hiyo nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, kilichoko barazani, ili usiweze kukivaa kesho kabla hujaitoa.

Mama yako hajui lolote katika haya. Anaamini kwamba mwanawe aliuawa na presha, na siku nyingine anaamini mengine. Nitamwambia kesho, nawe ukiwapo, kwa kuwa peke yangu nimejaribu na kushindwa. Nikitoka hapo nitakwenda Nzega. Sijui kama mkwe wangu atanikaribisha. Nitakwenda.

Nimesikia mmefunga debe. Mama yako anasema atakukaangia vitumbua asubuhi na mapema, vya mwisho kabla hujawa mtu wa Kigoma, nawe umemwambia utakula kumi.

Agizo langu ni hili. Kesho asubuhi usile kitu, wala usinywe chai. Wapimaji wa hapa huitaka damu ya mtu ambaye bado hajafungua kinywa. Treni haifiki kabla ya jioni, muda upo. Njoo chumbani kwangu na njaa yako, na mguu wako wa kushoto, nikushike tena kisigino na nikujibu upya lile swali lako. Kisha twende hospitali pamoja, kwa mwendo wako, si wangu.

Mama yako atakasirika. Atauliza kwa nini vitumbua vinapoa na wewe huli. Usimjibu. Nitamjibu mimi.

Baba yako